Do ya wimbo iko wapi? Mwongozo kamili wa kuandika noti za nyimbo za watoto

Kila ninapokaa na walimu wa awali na wa shule ya Jumapili, iwe Lindi mjini, Masasi au Newala, napokea daftari zenye kosa lilelile. Mwalimu kauchukua wimbo ambao watoto wake wanauimba vizuri kabisa, akakaa chini kuuandika noti. Ya kwanza kaipa jina la do. Mstari wa kwanza umekwenda, wa pili umekwenda, wa tatu ukaanza kuyumba. Wa nne umekataa kabisa, na mwalimu anafunga daftari akisema hana sikio la muziki.

Sikio analo. Kama hana, asingejua kwamba mstari wa nne umekataa.

Kosa liko kwenye ile noti ya kwanza. Wengi wetu tulifundishwa ngazi ya do, re, mi kwa kuanzia do, basi tukadhani kila wimbo nao huanzia do. Wimbo unaweza kuanzia popote. Do ni mahali wimbo unapopumzika, nyumbani kwake, na ni lazima uitafute kabla hujaandika noti hata moja. Ukiipata, kazi iliyobaki ni ya kuhesabu tu. Mwongozo huu unafuata njia hiyo mpaka mwisho, kuanzia kutafuta do hadi kuupiga wimbo kwenye kinanda au kwenye chupa za soda.

Andaa hivi kwanza

- Wimbo mmoja unaoujua kwa ghibu. Usianze na wimbo uliousikia jana.
- Daftari, penseli na kifutio. Usitumie kalamu ya wino, maana utafuta sana.
- Chombo cha kuhakikishia sauti: kinanda cha kanisani, kibodi ndogo, au programu ya piano kwenye simu. Za bure zinatosha.
- Watoto wawili au watatu. Watakusaidia hatua ya 1 kuliko mtu mzima yeyote.
- Kwa hatua ya mwisho: chupa 6 za soda za kioo zinazofanana, maji, kijiti cha mti na kitambaa kinene au gunia lililokunjwa.

Majina, kabla hujaanza

Majina ya sauti ni 7: do, re, mi, fa, so, la, ti. Ya nane ni do tena, ila ya juu. Kwenye karatasi za kwaya tunaandika herufi ya kwanza tu: d r m f s l t. Maandishi haya ndiyo yanayoitwa solfa. Do ya juu inapewa alama pembeni, d'. Noti iliyo chini ya do ya kati inapewa mkato, mfano s, kwa so ya chini na t, kwa ti ya chini.

Ngazi hii haina vidato vinavyolingana, na hapo ndipo penye siri. Ukihesabu kwa vitufe vya kinanda, vyeupe na vyeusi pamoja, bila kuhesabu kile unachoanzia, toka do hadi re ni vitufe 2, re hadi mi 2, mi hadi fa 1, fa hadi so 2, so hadi la 2, la hadi ti 2, ti hadi do 1. Jumla 12. Kariri hivi: 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Majirani wa karibu ni wawili tu, mi na fa, kisha ti na do. Wengine wote wanapeana nafasi.

Herufi C, D, E, F, G, A, B ni kitu kingine. Hizo ni majina ya vitufe, na kitufe hakihami. Do inahama. Ukiimba wimbo ukianzia chini, do inaweza kuwa C. Ukiupandisha kidogo, do inakuwa D, na wimbo ni uleule. Ndiyo maana karatasi ya kwaya huandikwa juu yake "Do ni G" au "Do ni F": anayetoa sauti anaambiwa leo nyumba imejengwa wapi.

Hapa nitoe tahadhari mbili kwa sisi wa kusini. Ya kwanza: ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wanafundishwa muziki kwa Kireno, na kwa Kireno do ni C siku zote, haihami. Ti wao wanaiita si. Wafaransa, Waitaliano na Wahispania nao ni hivyohivyo. Mkikutana na ndugu wa kutoka huko mkaimba pamoja, au ukijifunza kwa video za Kifaransa, akisema "do" anamaanisha kitufe, wewe unamaanisha nyumbani. Elewaneni kwanza.

Ya pili: kitabu cha noti kilichochapwa Ujerumani kinaweza kuwa na herufi H. Wajerumani huita H kile tunachokiita B, na B yao ni ile B flati yetu, kitufe cheusi kilicho kushoto mwa B. Wabenediktini wa Ndanda walitoka Ujerumani, kwa hiyo si ajabu kitabu cha namna hiyo kikaangukia mikononi mwako.

Hatua ya 1: Tafuta nyumbani

Hatua hii ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, maana ndiyo inayowashinda wengi.

Imba wimbo wote kwa mdomo uliofumbwa, bila maneno. Maneno yanavuta akili. Ukiyaacha, sikio linabaki na sauti peke yake. Ukifika noti ya mwisho, ishikilie. Jiulize: hapa nimefika, au bado nipo njiani?

Sasa waite watoto. Waimbishe wimbo, halafu wanyamazishe noti moja kabla ya mwisho. Utaona jambo la kupendeza: mmoja atashindwa kuvumilia na ataimalizia ile noti mwenyewe. Noti aliyoimalizia ndiyo nyumbani. Mtoto wa miaka 5 hajui neno do, lakini anajua wimbo umeachwa barazani haujaingizwa ndani.

Tujaribu na wimbo wa siku ya kuzaliwa, ule unaoimbwa wakati wa kukata keki kila mahali. Una vipande 4. Mwisho wa kipande cha kwanza, nyamaza. Unaning'inia. Mwisho wa cha pili, sauti imetulia kidogo. Mwisho wa cha tatu, unaning'inia tena, safari hii zaidi. Mwisho wa cha nne, umefika. Noti hiyo ya mwisho ndiyo do.

Linganisha sasa na noti ya kwanza kabisa ya wimbo huohuo. Imba ya mwisho, kisha ya kwanza. Ya kwanza iko chini zaidi, tena chini sana. Haiwezi kuwa do. Ni so ya chini.

Mwalimu anayeanza wimbo huu kwenye C akiiita do, vipande vitatu vya kwanza anavipiga kwa vitufe vyeupe bila shida. C C D C F E. C C D C G F. Kipande cha tatu nacho kinakwenda, kinaishia D. Cha nne kinaanza, anapiga B, sauti inatoka kali isiyo yake. Anarudia, ni ileile. Hapo ndipo daftari linapofungwa. Kumbe kwa kuanzia C, nyumba ya wimbo iko F, na ukijenga F unahitaji B flati, kile cheusi. Wimbo ulikuwa unamwambia toka mwanzo kwamba do si C.

Onyo: usitegemee noti ya mwisho peke yake. Nyimbo za michezo za kuitikiana, zile za kuzunguka duara, mara nyingi zinaishia hewani makusudi ili zianze upya. Kwa hizo, jaribu kuusimamisha wimbo mahali mbalimbali na usikilize ni wapi unakubali kutulia.

Utajua umepata nyumbani ukiweza kuacha wimbo, ukazungumza na mtu, ukarudi na kuitoa do bila kuanza wimbo upya.

Hatua ya 2: Panda na ushuke ngazi ukitokea hapo

Shika do uliyoipata. Imba taratibu do re mi fa so la ti do', kisha teremka. Halafu shuka chini ya do: do, ti, la, so. Huko chini ndiko watu wasikokwenda, wakati nyimbo nyingi za watoto zinaanzia huko au zinapita huko.

Kwa nini tufanye hivi kabla ya kuandika? Kwa sababu sikio likishapita ngazi yote, noti za wimbo zinaonekana kama watu unaowajua wanaopita barabarani. Usipopita ngazi, kila noti ni mgeni.

Hakikisha kwa kinanda. Tafuta kitufe kinacholingana na do yako, chochote kile, kisha hesabu 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1 ukipanda. Sauti yako na kinanda zikienda pamoja mpaka juu, uko salama. Wengi wanakosea kwenye fa: wanaiimba juu kidogo, wanaisukuma kuelekea so. Kumbuka fa amekaa karibu na mi.

Hatua ya 3: Chora njia kabla ya majina

Andika P kwa kupanda, S kwa kushuka, B kwa kubaki palepale. Usiandike jina lolote bado.

Mfano, wimbo wa kutaja herufi A, B, C, ambao sauti zake ni zilezile za ule wa Kiingereza wa nyota inayometameta. Mstari wa kwanza, kuanzia noti ya pili: B, P (mruko mkubwa), B, P (kidato kimoja), B, S (kidato kimoja). Unaona? Hujataja noti hata moja, lakini umbo la wimbo liko mbele yako.

Pale wimbo unaporuka, andika "mruko" pembeni. Pale unapotembea kidato kwa kidato, acha hivyohivyo. Makosa karibu yote yanatokea kwenye miruko, kwa hiyo ni vizuri kujua iko wapi kabla.

Hatua ya 4: Taja noti

Sasa hesabu. Anza na noti unazozijua kwa hakika, yaani zile za nyumbani, kisha ujaze zilizo kati. Usilazimike kwenda kwa mpangilio toka mwanzo. Fundi hujenga kona kwanza.

Mruko usioujua, upande kwa vidato. Kwenye wimbo wa A, B, C, toka noti ya pili kwenda ya tatu kuna mruko. Imba do, kisha panda taratibu re, mi, fa, so, huku ukiikumbuka ile sauti ya juu ya wimbo. Itakapolingana, simama. Ni so.

Nimechagua nyimbo tatu kwa sababu zinaanzia mahali patatu tofauti.

*Unaoanzia do: wimbo wa A, B, C*

d d s s l l s
f f m m r r d
s s f f m m r
s s f f m m r

Wa nyota unamalizia kwa kurudia mistari miwili ya kwanza. Wimbo huu hauna ti hata moja. Ukikuta ti kwenye daftari lako, rudi hatua ya 2. Kwenye wimbo wa herufi, pale pa L, M, N, O watoto wanapopakimbiza, zote nne zinasimama kwenye re, na P inashuka do. Watu wanasikia mbio wakadhani noti zimebadilika. Kilichobadilika ni mwendo.

*Unaoanzia mi: wimbo wa Kiingereza wa Mary na mwanakondoo wake*

m r d r m m m
r r r
m s s
m r d r m m m m
r r m r d

Noti 4 tu katika wimbo mzima: do, re, mi na so. Ndiyo maana naupenda kwa kuanzia. Lakini anayeiita noti ya kwanza do na kuipiga C atashangaa: noti ya pili tayari ni B flati, ya tatu A flati. Wimbo wa mtoto mdogo unageuka wa vitufe vyeusi. Ukiona wimbo mwepesi unadai vitufe vyeusi toka mstari wa kwanza, shaka yako ya kwanza iwe kwenye do.

*Unaoanzia so ya chini: wimbo wa siku ya kuzaliwa*

s, s, l, s, d t,
s, s, l, s, r d
s, s, s m d t, l,
f f m d r d

Tazama kipande cha tatu. Toka so ya chini wimbo unaruka hadi so ya juu, oktava nzima (toka noti hadi ya jina lilelile juu yake), ndipo watu sherehe nzima wanapopoteza sauti. Aliyeanzisha wimbo juu sana, hapo ndipo anapopata malipo yake. Tutarudi kwenye jambo hili hatua ya 6.

Kufaulu hatua hii kunajulikana hivi: mpe daftari mtu mwingine anayejua solfa, usimwambie ni wimbo gani, aimbe alichokiona. Akitabasamu katikati ya mstari wa kwanza, umeandika sawa.

Hatua ya 5: Weka mapigo

Noti bila mapigo ni nusu ya kazi. Piga makofi ukiimba, ukilipa kofi la kwanza nguvu zaidi. Wimbo wa A, B, C unakwenda kwa mbilimbili. Wa siku ya kuzaliwa unakwenda kwa tatutatu, na unaanza kabla ya kofi lenye nguvu.

Kwenye solfa, mstari wima | unasimama kabla ya pigo lenye nguvu, nukta pacha : zinatenganisha mapigo, nukta moja . inagawa pigo nusu kwa nusu, na kistari – kinaonyesha noti inashikiliwa.

| d : d | s : s | l : l | s : – |

Na wa siku ya kuzaliwa:

: s,.s, | l, : s, : d | t, : – : s,.s, | l, : s, : r | d : – : s,.s, | s : m : d | t, : l, : f.f | m : d : r | d : – ||

Hapa nizungumzie maneno, maana walimu wengi wanataka kuvalisha nyimbo hizi Kiswahili. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo lenye nguvu likiangukia silabi nyingine, mtoto anaimba neno kama mgeni.

Chukua mstari wa kwanza wa A, B, C. Una noti 7, na ya saba inaangukia pigo lenye nguvu na kushikiliwa. Kiswahili hakipendi kumaliza hivyo, kwa kuwa silabi ya mwisho wa neno ni dhaifu. Dawa ni kuigawa ile noti ndefu iwe mbili: badala ya | s : – | weka | s : s |. Sasa una nafasi 8, na maneno yanakaa:

Twende shamba, twende wote,
tuokote, tumalize.

Imba uone. *Twe*, *sha*, *twe*, *wo*, yote kwenye nguvu. Jaribu sasa kuweka "Korosho zimeanguka" mahali pale. Silabi ziko 8 vilevile, lakini nguvu inaangukia *ko* badala ya *ro*, na mtoto yeyote wa Mtwara, aliyekulia chini ya mikorosho, atakutazama kwa mshangao. Hesabu ya silabi haitoshi, sikiliza mkazo.

Hatua ya 6: Chagua ufunguo, kisha weka herufi

Ufunguo ni kitufe unachokipa do. Swali si "wimbo huu uko ufunguo gani". Wimbo wa watoto hauna ufunguo wa kuzaliwa nao. Swali ni watoto wako wanafika wapi.

Tafuta noti ya chini kabisa na ya juu kabisa kwenye daftari lako. Watoto wadogo wanaimba kwa raha toka C ya katikati ya kinanda hadi C au D iliyo juu yake. Wimbo wako ukae humo.

Wa siku ya kuzaliwa unatoka so ya chini hadi so. Ukifanya do iwe F, so ya chini inakuwa C ya katikati na so ya juu inakuwa C inayofuata. Umeingia sawasawa. Ukifanya do iwe C ya juu yake, watoto watapiga kelele kwenye kipande cha tatu, na wewe pia. Wa A, B, C unatoka do hadi la tu, kwa hiyo do ikiwa D unapata D hadi B, na ni raha tupu.

Ngazi nne zinazotosha kwa nyimbo nyingi za darasani:

- Do ni C: C D E F G A B
- Do ni D: D E F shapu G A B C shapu (shapu ni kitufe cheusi kilicho kulia mwa herufi hiyo)
- Do ni F: F G A B flati C D E
- Do ni G: G A B C D E F shapu

Usikariri shapu na flati. Hesabu 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1 toka do yako. Kitufe cheusi kitajitokeza chenyewe pale kinapohitajika. Kila herufi inatumika mara moja tu, ndiyo maana kwenye F tunasema B flati na hatusemi A shapu: A imeshatumika.

Andika herufi chini ya solfa, kamwe usiandike badala yake. Mwakani watoto wengine wenye sauti nyingine watakuja, utafuta herufi na kubakiza solfa.

Hatua ya 7: Chupa za soda, kwa asiye na kinanda

Weka chupa 6 juu ya kitambaa, zisigusane. Zikigusana au zikikaa juu ya meza tupu, mlio unakufa.

Jaza ya kwanza maji karibu juu. Igonge kwa kijiti. Hiyo ndiyo do yako, hata kama haiwi C wala D. Do inahama, chupa nayo ina ruhusa. Ya pili punguza maji mpaka igonge re, ya tatu mi, hivyo hivyo mpaka la. Chupa 6 zinamaliza wimbo wote wa A, B, C, na kwa wa Mary chupa 4 zinatosha. Sauti ikigoma kufika la hata chupa ikiwa tupu, ongeza maji kwenye do na uanze tena ukitokea chini zaidi.

Watu wanachanganya jambo moja hapa. Ukigonga chupa, maji mengi yanashusha sauti, kwa sababu kinachotetemeka ni kioo, na maji yanakilemea. Ukipuliza mdomoni mwa chupa, maji mengi yanapandisha sauti, kwa sababu kinachotetemeka ni hewa iliyobaki, na hewa fupi hutetemeka haraka. Chupa uliyoipanga kwa kugonga usiipulize mbele ya darasa. Ngazi itageuka chini juu.

Weka alama ya kalamu penye usawa wa maji. Kwa joto letu maji yanapungua, na baada ya siku chache mi imeshasogea. Kijiti kiwe cha mti, chuma kinapasua kioo. Chupa yenye ufa iondoe hapohapo, na mwalimu ndiye agonge mpaka watoto wazoee mkono mwepesi.

Wimbo ukikataa

Kama umefuata yote na bado wimbo unakataa, huenda nyumbani kwake ni la. Zipo nyimbo, nyingi za huzuni au za kubembelezea mtoto, zinazopumzika kwenye la. Panda toka nyumbani: kidato cha 2, kisha cha 1 badala ya 2 na 2. Ukisikia hivyo, iite nyumbani la, na mengine yatakaa sawa.

Na kama ni wimbo wa ngoma za kwetu, wa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, kuwa mpole nao. Zipo nyimbo zinazotosheka na do, re, mi, so na la, hizo utaziandika bila shida. Nyingine zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe. Hapo usiisukume sauti ya bibi ilingane na kibodi. Andika noti iliyo karibu, weka alama juu yake, na kando yake andika aliyekuimbia, mahali na tarehe, kisha rekodi kwa simu. Karatasi itabaki kuwa msaada. Rekodi ndiyo wimbo.

Jipime

Chukua wimbo wa Kifaransa wa Frère Jacques, ambao shule nyingi zinaufahamu kwa lugha moja au nyingine. Una vipande 4, kila kimoja kinaimbwa mara mbili. Pita hatua zote bila kutazama hapa chini.

Kipande cha 1: d r m d
Kipande cha 2: m f s –
Kipande cha 3: s.l s.f m d
Kipande cha 4: d s, d –

Ukipata vipande vitatu vya kwanza na kipande cha mwisho kikawa d s d, umesahau mkato. Imba tena ile noti ya katikati taratibu, halafu do. Wimbo unashuka chini ya nyumba, kisha unapanda kidogo kurudi ndani.